Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzunguka Bergen Siku ya Jua

Jua la asubuhi katika mji wa Bergen lisikufanye uache koti la mvua hotelini. Mji huu wa bandari ulio pwani ya magharibi ya Norwei umezungukwa na milima inayozuia mawingu ya Bahari ya Atlantiki, na kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000, takriban mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Mwavuli hausaidii sana kwa sababu ya upepo. Chukua koti lenye kofia, na ndani yake sweta, hata kama ni Julai.

Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi ni ya lazima. Chupa ya maji beba tupu, kwa kuwa maji ya bomba ni salama na ya kununua ni ghali. Miwani ya jua usiisahau: katikati ya Juni jua huzama baada ya saa tano usiku, na mtu hujikuta ametembea kutwa nzima bila kula.

Sasa viatu, na hapa naomba nisikilizwe. Kila mgeni huanzia Bryggen, safu ya nyumba za mbao kando ya gati, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani wa Shirikisho la Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Ulaya ya kaskazini, walikuwa na kituo chao tangu karne ya 14, wakipokea samaki wakavu kutoka kaskazini na kuleta nafaka. Moto wa mwaka 1702 uliziteketeza, zikajengwa upya juu ya viwanja vilevile, na mwaka 1979 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Kati yake mna vichochoro vyembamba kama vya Lamu, isipokuwa huku sakafu nayo ni mbao. Kwa kuwa roshani za juu zinakaribia kugusana, jua halifiki chini, na mbao hubaki na utelezi hata pale gati la nje limekwisha kukauka.

Shangazi yangu aliingia humo na makubadhi yake mazuri ya ngozi, yenye soli laini, muda mfupi baada ya manyunyu ambayo hakuna aliyeyajali. Alianguka, akajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavimba papo hapo. Tulipiga 116117, ambayo ni namba ya huduma ya daktari wa zamu (dharura ya kuhatarisha maisha ni 113), tukaelekezwa kliniki. Mapokezi walitaka pasipoti na cheti cha bima. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku hotelini, kwa sababu alikuwa amekinunua kwa ajili ya viza tu, kile cha fidia isiyopungua yuro 30,000, na tangu siku hiyo hakuna aliyekisoma. Laiti kingesomwa, ingejulikana kwamba masharti yalitaka kampuni ipigiwe simu kabla ya matibabu. Haikupigiwa, gharama ikatoka mfukoni, na kurejeshewa fedha kukawa kazi ya miezi. Siku nzuri kuliko zote za safari ile aliitazama kupitia dirisha la chumba cha kungojea.

Kwa hiyo vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Piga picha ya cheti cha bima na ya pasipoti, ziwe kwenye simu yako na ya mwenzako. Soma masharti ukiwa bado nyumbani, uandike namba ya dharura ya bima kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji.

Treni ya kamba ya Fløibanen, iliyoanza kazi mwaka 1918, hupanda mlimani hadi mita 320 na huwa na foleni ndefu meli za watalii zinapotia nanga; nenda asubuhi mapema au jioni. Huko juu upepo ni mwingine kabisa, kwa hiyo sweta lisibaki chini. Ukiamua kushuka kwa miguu, fuata njia iliyowekwa alama. Jumapili maduka mengi hufungwa, basi nunua chakula Jumamosi. Ukiwa gatini, washike watoto mkono, usirudi kinyumenyume ukipiga picha, na mkate wako ufunike, kwa kuwa shakwe wa pale hawana aibu.