Maji Uliyookoa kwa Matone Si ya Kufungulia Ekari Mpya

Mkulima anafunga mipira ya kumwagilia kwa matone, anaona pampu inazimwa mapema kuliko zamani, anaamini kuna maji yamebaki, na msimu unaofuata anaongeza robo tatu ya ekari. Mwaka wa pili au wa tatu kisima kinaanza kutoa hewa katikati ya kiangazi, mara nyingi mazao yakiwa kwenye maua. Hapo lawama zinakwenda kwa mvua, kwa fundi wa pampu, au kwa jirani aliyechimba kisima juzi. Jirani anachangia, hilo halikataliwi. Lakini tuanze na ekari zako.

Chukua ekari moja ambayo mazao yake yameshafunika ardhi na yanatumia milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya ekari ni takribani mita za ujazo 4, kwa hiyo mazao yanakunywa mita za ujazo 20 kila siku. Kwa mifereji, ambako karibu nusu tu ya maji hubaki kwenye mizizi, ulikuwa unavuta 40. Zile 20 nyingine ulidhani zimepotea. Kidogo kilikauka juani, lakini nyingi zilizama chini ya mizizi, na kama kisima chako kinachota maji ya karibu na uso wa ardhi, zilirudi humo humo zilimotoka. Tuseme zilirudi 15. Basi tabaka la maji ya chini ya ardhi lilikuwa linapungukiwa 25 kwa siku, si 40.

Ukaweka matone. Ukivuta 22, mazao yanapata 20 zao. Mita ya maji imeshuka kutoka 40 hadi 22, umefurahi, ukaongeza ile robo tatu ya ekari. Sasa unavuta 38.5 na mita bado inakwambia uko chini ya ulipokuwa. Ila mazao ya ekari moja na robo tatu yanakunywa 35, na maji yaliyokunywewa na mmea hutokea kwenye majani yakaenda hewani, hayarudi kisimani. Hata zile 3.5 zilizobaki zikizama zote, tabaka linapungukiwa 35 kwa siku badala ya 25. Kwa siku 100 za umwagiliaji hizo ni mita za ujazo 1,000 za ziada, na pampu yako inaonyesha umebana matumizi! Kwenye tabaka linaloachia maji asilimia 10 ya ujazo wake, mita za ujazo 1,000 ni sawa na kushuka kwa maji mita 1 nzima chini ya hekta 1. Zidisha kwa idadi ya majirani waliopiga hesabu hiyo hiyo.

(Kisima kirefu kilicho chini ya tabaka nene la mfinyanzi hakirudishiwi maji na mifereji yako. Huko kupunguza uvutaji ni kuokoa kweli, lakini kwa sharti lile lile: ekari zisiongezeke, maana maji ya huko hujazwa polepole sana.)

Si kosa la wakulima wadogo peke yao. Katika jimbo la Kansas, Marekani, wakulima wakubwa walichangiwa fedha za kubadili mitambo ya kunyunyizia wapate ile inayobana maji. Uvutaji haukupungua, uliongezeka, kwa sababu walihamia kwenye mazao yanayokunywa zaidi na kumwagilia eneo kubwa zaidi.

Kwa hiyo agizo ni moja: baada ya kufunga matone, eneo la kiangazi libaki lile lile mpaka uwe na vipimo vya kina cha maji vya miaka miwili kamili. Kuhesabu saa za pampu si kipimo. Kuchungulia kisimani na kurusha jiwe pia si kipimo.

Kina kinapimwa hivi. Pampu inapoteremshwa au kutolewa kwa matengenezo, mwambie fundi afunge bomba la plastiki la milimita 25 sambamba na bomba la kupandisha maji, liishie juu kidogo ya pampu, na mita chache za mwisho zitobolewe matundu. Bila bomba hilo waya wa kupimia utajisokota kwenye nyaya za pampu, na siku ya kuutoa utang'oa vyote. Waya wenyewe ni wa nyuzi mbili, ncha zimetenganishwa sentimita 1, umefungwa uzito chini, una alama kila mita. Juu unaunganishwa kwenye mita ya fundi umeme iliyowekwa kwenye kupima ukinzani. Ncha zikigusa maji, mshale au namba inaruka. Vuta juu kidogo, shusha tena, soma mara mbili. Masomo yakipishana zaidi ya sentimita 2, rudia.

Pima kutoka alama moja ya rangi kwenye mdomo wa kisima, siku zote alama hiyo hiyo. Pampu iwe imezimwa kwa muda wa saa 12 au zaidi, hivyo wenye pampu za sola wapime alfajiri kabla jua halijaiwasha. Wapo wanaopima saa tano asubuhi pampu ikiwa imeshafanya kazi, kisha wanakuja na daftari wakidai kisima kimeshuka mita 4. Hakijashuka, wamepima shimo ambalo pampu yenyewe imelichimba kwenye maji. Daftari la namna hiyo ni la kuwashia moto. Mara moja kwa wiki wakati wa kumwagilia, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, inatosha.

Mita ya maji nayo ina masharti. Ifungwe baada ya chujio, kwenye bomba lililonyooka na linalojaa maji muda wote: kabla yake urefu wa mara 10 ya kipenyo cha bomba, baada yake mara 5. Kwa bomba la milimita 50 ni sentimita 50 kabla na 25 baada. Ukiibana karibu na kona au koki itakudanganya. Ihakiki kwa pipa, lakini usiamini kwamba pipa ni lita 200 kwa sababu limeandikwa hivyo. Lijaze kwanza kwa ndoo iliyopimwa, weka alama.

Sasa muda wa kumwagilia, maana huku ndiko akiba inakovuja kimyakimya. Laini zikipishana mita 1, vitundu kila sentimita 30, kila kitundu kikitoa lita 1 kwa saa, ekari moja inatoa karibu mita za ujazo 13.5 kwa saa. Mazao yaliyokomaa majani yanayohitaji 22 yanamaliza kwa saa 1 na dakika 40. Miche michanga inayotumia milimita 2 kwa siku inahitaji dakika 40 tu. Mwenye pampu ya sola anaacha maji yatiririke kwa muda wa saa tatu kwa sababu jua halina bili. Weka kizima-pampu cha saa, au boya kwenye tangi. Kama pampu haifikishi kiasi hicho kwa saa, gawanya ekari vipande, kila kipande na zamu yake kwa muda ule ule.

Uamuzi unafanywa mwishoni mwa mvua, kisima kikiwa juu kabisa. Linganisha na mwisho wa mvua wa mwaka uliopita, kamwe usilinganishe masika na kiangazi. Kama mvua ilikuwa ya kawaida na maji yamesimama chini ya alama ya mwaka jana kwa zaidi ya sentimita 10, eneo lako la kiangazi ni kubwa mno. Punguza moja ya tano, ngoja mwaka, pima tena. Punguza eneo, si saa: ukibana saa kwenye eneo lile lile utaunyima mmea maji wakati wa maua na kupoteza vyote viwili. Yakirudi kwenye alama miaka miwili mfululizo, umefika.

Na usishushe pampu kama dawa. Kupandisha maji kutoka mita 60 kunakula nishati maradufu ya mita 30, pampu ile ile inatoa kidogo zaidi, na wa pwani anayakaribisha maji ya chumvi. Maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya maji ikipita desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), kabla ulimi haujaonja chochote.

Mnaochota tabaka moja, wekeaneni kikomo cha pamoja, na kiwe cha miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja. Wakulima wa eneo la Sheridan 6, huko huko Kansas, walianza mwaka 2013 kwa kikomo cha inchi 55 za maji kwa miaka 5, karibu milimita 1,400, kila mmoja akijua mwaka wa ukame anaweza kuchota zaidi na kufidia mwaka wa mvua. Kikomo cha mita ya maji pekee hakitoshi kwa sababu tuliyoiona. Andikeni na ekari za kila mtu, kwa jina la zao, kabla mbegu za kiangazi hazijanunuliwa.