Kumwonyesha mtoto Pietà ya Michelangelo

Sanamu ya Pietà iko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Petro: mpeleke mtoto asubuhi na mapema, milango inapofunguliwa tu. Kuingia ni bure, ila kuna foleni ya ukaguzi, na jua likishapanda foleni hiyo humchosha mtoto kabla hajaona kitu. Mabega na magoti yafunikwe, yako na yake. Jumatano asubuhi iepukeni, kwa sababu mara nyingi Papa huwa na katekesi pale uwanjani.

Mkishaingia, msikimbilie altare kuu. Pindeni kulia: kikanisa cha kwanza kabisa ndicho chenye sanamu, Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani. Iko nyuma ya kioo, kwani mwaka 1972 mtu mmoja aliipiga kwa nyundo, akavunja mkono wa Maria na pua yake. Mbele ya kioo watu husongamana, na mtoto ataona migongo tu. Mbebe mabegani.

Kisha nyamaza. Kwa mzazi mcha Mungu hili ndilo gumu kuliko yote, maana kisa chote kiko ulimini. Vile vifaa vya maelezo ya sikioni navyo viacheni. Mimi nilibebwa na baba, naye hakunieleza lolote. Nilitazama miguu ya Yesu inavyoning'inia, nikapanda taratibu mpaka kwenye mkono wa kushoto wa Maria, ule ulioachwa wazi, kiganja juu. Nikauliza, "Baba, mbona hamshiki kwa mikono yote miwili?" Akanijibu, "Endelea kutazama, mwanangu." Namshukuru mpaka leo, kwa kuwa swali lilibaki langu.

Mtoto akimaliza yake, ndipo umwongoze. Anza na mkono wa kulia: Maria haugusi mwili kwa vidole vitupu, kuna sanda katikati, na nyama ya karibu na kwapa imesukumwa juu pale anapomshika. Na hayo yote ni marumaru ya Carrara! Halafu mapaja, yaliyotanuliwa kwa mikunjo ya vazi. Maria huyu akisimama atampita Mwanawe kwa urefu, lakini jicho halishtuki. Mwisho mshipi wa kifuani, wenye jina la mchongaji, kazi pekee aliyoitia sahihi. Alipoimaliza, mwaka 1499, alikuwa na miaka 24 hivi.

Picha mpige mkiwa mnaondoka, bila flashi. Mtoto akisema amechoka, tokeni. Kuba na makaburi ya mapapa yana siku yake.