Kupiga hesabu ya miaka 10 kabla ya upasuaji wa urembo, ukiwa Malindi

Bei unayotajiwa na kliniki ya Mombasa au Nairobi ni ya siku ya kupasuliwa tu. Gharama yenyewe huendelea kwa miaka, na kwa anayeishi Malindi kuna nyongeza zake: safari, malazi, na mshahara unaokatika watalii wakiondoka. Chukua daftari, chora safu za miaka 10, uzijaze kabla hujatoa hata shilingi ya kuweka nafasi.

Kwanza itishe bei iliyochambuliwa kwa maandishi: ada ya mpasuaji, ya daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipimo vya damu na moyo, dawa, mkanda wa kubana, na miadi ya marudio ni mingapi ndani ya bei hiyo. Kisha uliza lile ambalo wengi huliona haya: ikibidi kurudiwa, nani analipa? Mara nyingi daktari husamehe ada yake peke yake. Chumba na nusukaputi ni juu yako. Jina lake litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, uone kama kweli amesajiliwa kuwa mtaalamu wa upasuaji wa plastiki.

Gharama ya uuguzi ndiyo inayosahaulika zaidi. Aliyekazwa tumbo kwa kawaida hutoka na mipira myembamba inayonyonya majimaji kutoka kwenye jeraha hadi kwenye vichupa. Majimaji hupimwa na kuandikwa kila siku, na madaktari wengi huitoa mipira yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Hapo huenda wiki moja au mbili, nawe uko Mombasa: chumba cha kupanga, chakula, na mtu wa kukuuguza ambaye naye ameacha kazi yake. Ukirudi nyumbani, usinyanyue kitu kizito kwa takriban wiki 6. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na mtoto anayetaka kubebwa ni zaidi ya kile unachoruhusiwa, kwa hiyo andika mshahara wa msaidizi wa mwezi mmoja na nusu. Ukijilazimisha, mshono huachia au majimaji hujikusanya chini ya ngozi, na inabidi urudi kufyonzwa. Kama bado unataka kuzaa, subiri: mimba hulegeza tena kilichokazwa, na pesa yote huwa imepotea.

Aliyehamishiwa mafuta makalioni haruhusiwi kuyakalia kwa wiki kadhaa. Safari ya zaidi ya saa mbili kutoka Mombasa haifai kwa matatu. Panga gari la kukodi utakalolala kifudifudi.

Vipandikizi vya matiti visihesabiwe kuwa vya maisha. Vingi hukaa miaka 10 hadi 15, vingine zaidi, lakini kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kupasuka au kuzungukwa na kovu gumu linalouma unavyopanda. Anayewekewa akiwa na miaka 28 apange operesheni nyingine akikaribia 40, kwa bei ya wakati huo. Kwa vya silikoni, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, halafu kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu silikoni ikivuja huenda usihisi lolote. Dai kadi yenye jina la kampuni na nambari ya kila kipandikizi. Mwaka 2010 vipandikizi vya PIP, kampuni ya Ufaransa, viliondolewa sokoni kwa kutengenezwa na silikoni ya viwandani, na asiyekuwa na kadi hakuwa na njia rahisi ya kujua kama vyake vimo.

Pua huchukua hadi mwaka mzima uvimbe kwisha, kwa hiyo marekebisho huwekwa mwaka wa pili. Hugharimu kuliko mara ya kwanza, kwani daktari anapita kwenye kovu na huenda akahitaji gegedu la sikio au la ubavu.

Sindano ndizo zinazodanganya kwa udogo. Botox, ya kulainisha makunyanzi usoni, hudumu miezi 3 hadi 4. Tuseme kila mara ni shilingi 20,000, mara 3 kwa mwaka: baada ya miaka 10 umetoa 600,000.

Kama uliwahi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha, baada ya kutoga masikio, mwambie daktari mapema. Keloidi hutibiwa kwa sindano kila wiki 4 hadi 6, mara kadhaa, na bado inaweza kurudi.

Sasa mkopo. Shilingi 300,000 za sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, miezi 36, ni karibu 9,960 kila mwezi. Utarudisha kama 358,700. Kwa mfanyakazi wa hoteli, Mei na Juni ni miezi ya kukaa nyumbani, ilhali sacco haina masika. Kupasuliwa wakati huo kuna faida: hupotezi siku za kazi, na mkanda wa kubana hauchomi kama wakati wa kaskazi. Lakini marejesho ya miezi hiyo yawe yamewekwa kando tangu msimu wa watalii, la sivyo ahirisha mwaka mmoja.

Bima nyingi hazilipii urembo, na nyingi hazilipii hata madhara yake. Kwa hiyo tunashauri ubaki na akiba ya thuluthi ya bei ya operesheni, kwenye simu au benki unakoweza kuitoa usiku. Ukivimba mguu mmoja, ukikosa pumzi au kifua kikiuma, huenda damu imeganda: nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, usingoje miadi ya Mombasa.