Ukaguzi wa ndani chuo kikuu cha umma: kufuata malipo hadi kwenye mahudhurio

Mwongozo huu ni wa mkaguzi wa ndani anayeanza kazi katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Utamfaa pia mkuu wa idara aliyepokea barua ya kuarifiwa kwamba atakaguliwa na anajiuliza hawa watu wanatafuta nini. Msimamo wangu ni huu: chuoni fedha hazipotei sana kwenye sefu ya mhasibu. Zinapotea katikati ya mifumo miwili isiyosomana, na kazi yako kubwa ni kuisomanisha kwa mkono.

Hatua ya 1: Jua unaripoti kwa nani

Makamu Mkuu wa Chuo ndiye Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za chuo. Kiutawala uko chini yake, lakini kikazi unaripoti kwa Kamati ya Ukaguzi ya Baraza la Chuo. Wizara ya Fedha kuna Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, nafasi iliyoanzishwa na marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2010. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ni habari nyingine: huyo ni mkaguzi wa nje, mamlaka yake yanatoka Ibara ya 143 ya Katiba na ripoti yake huishia bungeni.

Hakikisha hati idhini ya kitengo chako, yaani waraka unaokupa mamlaka ya kukagua, imesainiwa na inakuruhusu kuona nyaraka na mifumo yote. Ukianza kuletewa hati za malipo uzipitie kabla hazijalipwa, kataa kwa adabu. Hiyo ni kazi ya uhasibu. Ukishaweka sahihi yako humo, mwakani utaikaguaje?

Hatua ya 2: Panga mwaka kwa kufuata vihatarishi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mpango uwe umepitishwa na Kamati kabla ya hapo. Usipange kwa kuzungukia idara moja baada ya nyingine, kwa sababu maktaba na kitengo cha ununuzi havina uzito sawa. Weka mezani rejesta ya vihatarishi, bajeti na hoja za CAG (kasoro alizoziandika kwenye ukaguzi) za miaka iliyopita. Kwa kawaida yatajitokeza haya: ada, mishahara, ununuzi, miradi ya utafiti, wahadhiri wa muda na mafunzo kwa vitendo. Chuo kikiwa na majengo ya HEET, mradi wa elimu ya juu unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, usiuache nje. Bakiza pia siku za akiba, maana ukaguzi maalumu ambao haukupangwa hauna msimu.

Hatua ya 3: Kikao cha kufungua

Kiwe kifupi. Eleza unakagua nini, kipindi gani, na unahitaji nyaraka zipi kwa tarehe ipi. Wengi wa unaowakagua ni maprofesa, na pengine mmoja wao alikufundisha. Mpe shikamoo yake, mwite Profesa, halafu omba hati ile ile ambayo ungemwomba karani. Heshima haipunguzi sampuli.

Hatua ya 4: Linganisha vyanzo viwili

Hapa ndipo siku zako ziishie. Tuchukue mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wametawanyika mikoani na wahadhiri wanachukua masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla na kutolewa hesabu baadaye, kwenda kuwasimamia. Wakirudi wanaleta marejesho: tiketi, ripoti ya safari, fomu yenye muhuri wa ofisi mwenyeji. Ukiliangalia faili peke yake, kila kitu kimekamilika.

Usianze na faili. Anza na orodha ya wote waliolipwa, uitoe mwenyewe kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, badala ya kuletewa na mtu. Kisha pata orodha ya wanafunzi na vituo vyao kwa mratibu wa mafunzo, na fomu za mahudhurio ya wasimamizi wa mitihani ya marudio. Ziunganishe kwa cheki namba, ile namba ya utumishi ya kila mtumishi. Ukitumia majina, Mohamed na Mohammed watakuwa watu wawili.

Tuseme sasa umemkuta mhadhiri aliyelipwa siku 14 za Mbeya, na ndani ya siku hizo sahihi yake iko kwenye fomu ya mtihani kampasi kuu. Usikimbilie neno wizi. Huenda alibadilishana zamu na mwenzake, huenda safari ilisogezwa mbele na hakuna aliyerekebisha karatasi. Omba kitabu cha mafunzo cha mwanafunzi aliyepangiwa. Msimamizi husaini humo na kuweka tarehe, na kitabu hukaa kwa mwanafunzi, si kwa anayedai posho. Kwangu mimi ushahidi huo una uzito kuliko muhuri wowote. Baada ya hapo ndipo umwite mhusika umsikilize.

Kwenye ada, mchezo umehama. Tangu malipo yaanze kupita GePG, mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kielektroniki, kwa kumbukumbu namba, sioni faida ya kumaliza wiki nzima ukitafuta stakabadhi bandia. Uliza nani ana ruhusa ya kupunguza deni la mwanafunzi kwenye mfumo, kisha itisha kila punguzo na barua iliyoliidhinisha. Ukiwa hapo hapo, tafuta walioahirisha au kuacha masomo uone kama fedha zao zimerudishwa Bodi ya Mikopo.

Ununuzi una nyayo zake ndani ya NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao. Wewe jikite kwenye kilichopokelewa: ingia stoo, hesabu, linganisha na leja.

Hatua ya 5: Andika hoja inayojibika

Hoja dhaifu husomeka hivi: "Kuna mapungufu katika usimamizi wa masurufu. Menejimenti iboreshe udhibiti." Mkurugenzi wa Fedha atajibu "ushauri umezingatiwa" na mambo yataishia hapo.

Iandike hivi, takwimu zikiwa za mfano tu: "Kanuni za fedha za chuo zinataka masurufu yarejeshwe ndani ya siku 14 baada ya safari. Kati ya masurufu 40 tuliyopima, 11 hayakuwa yamerejeshwa hadi Juni 30, na watumishi 4 kati ya hao walipewa mengine. Chanzo ni kwamba anayeidhinisha haoni deni la mwombaji kwenye mfumo. Mkurugenzi wa Fedha aweke kizuizi kwenye mfumo kabla ya Septemba 30." Humo mna kigezo, hali halisi, chanzo, pendekezo, mtu na tarehe. Ongeza athari kwa shilingi kama unaweza kuihesabu. Kama huwezi, usibuni.

Chanzo ndicho kinachowashinda wengi. "Uzembe" si chanzo. Uliza kwa nini mfumo uliuruhusu.

Hatua ya 6: Majibu, ripoti, ufuatiliaji

Peleka rasimu, pokea majibu kwa maandishi, yaweke kwenye ripoti hata kama hukubaliani nayo, kisha toa maoni yako chini yake. Ripoti ya robo mwaka iende kwa Makamu Mkuu na kwenye Kamati ya Ukaguzi.

Rejesta ya hoja ihuishwe kila robo. Neno "imefungwa" liandikwe ukishaona kielelezo. Hesabu za chuo huwasilishwa kwa CAG kufikia Septemba 30, na wakaguzi wake wakifika watakuomba ripoti zako mapema sana. Kabla hawajafika, fungua faili la kila hoja uliyoifunga mwaka ule. Ukikuta ndani kuna barua ya "tunaahidi kutekeleza" na hakuna kingine, irudishe kwenye orodha ya hoja zilizo wazi.