Madirisha ya jengo la biashara: piga hesabu kabla hujaoda vioo

Makosa mengi kwenye madirisha ya maofisi na maduka yanafanyika siku ya kuoda, mtu anachukua namba ya joto linalopita kwenye kioo peke yake anaijaza kwenye fomu ya kanuni za nishati za majengo, inspekta anakuja anataka namba ya dirisha zima pamoja na fremu, na vioo vimeshakatwa. Jamani, kioo ni kitu kimoja na dirisha ni kingine.

Anza na ukubwa. Jumlisha eneo la madirisha yote, gawa kwa eneo lote la kuta za nje. Kuta zikiwa mita za mraba 400 na madirisha 180 hiyo ni asilimia 45, wakati majedwali ya ASHRAE 90.1, kiwango cha Marekani cha matumizi ya nishati kwenye majengo ambacho kanuni nyingi zinakiiga, yanaishia asilimia 40. Ukizidi hujakwama, ama unapunguza vioo ama injinia anapiga hesabu ya kompyuta kuonyesha jengo zima halitazidi matumizi yanayoruhusiwa, ila hiyo inakula muda na hela.

Halafu komaa na namba mbili. U ni joto linavyopenya, ikiwa ndogo ndio vizuri: kioo kimoja cha kawaida ni kama 5.7 (kwa kipimo cha W/m²K), vioo viwili vyenye hewa katikati kama 2.8, ukiweka kotingi ya low-E, utando mwembamba unaorudisha joto, inashuka zaidi. Sasa hizo ni za katikati ya kioo tu, ukishakipachika kwenye alumini tupu namba inapanda tena maana alumini inasafirisha joto balaa, kwa hiyo dai fremu iliyotenganishwa katikati kwa plastiki ngumu.

Namba ya pili, SHGC, ni sehemu ya joto la jua inayoingia ndani, 0.25 maana yake robo. Kwenye jua kali hii ndio ya kupigania, na usikimbilie kioo cheusi, kinaua mwanga watu wanawasha taa saa sita mchana. Kofia ya zege juu ya dirisha inasaidia sana na kanuni nyingi zinaihesabu.

Vioo vikifika saiti vikague mwenyewe. Penye giza kidogo, simama upande utakaokaa nje, washa kiberiti cha gesi karibu na kioo, kwenye vioo viwili utaona miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti ndio penye kotingi, na kwa sehemu za joto unatakiwa uwe wa pili kutoka kwako. Yote minne ikifanana, hamna kotingi hapo, rudisha mzigo.

Stika za namba zilizobandikwa kwenye vioo zipige picha kabla wasafishaji hawajazibandua, inspekta ataziulizia.