Somo: Pasheni ya njano uani, kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Ukanda wa chini, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, panda pasheni ya njano. Ya zambarau hupenda ubaridi wa milimani. Huku pwani huishia kwenye majani. Kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, sia mbegu Septemba ili miche ihamishwe Desemba au Januari, ardhi ikishalowa.

1. Mbegu. Chukua matunda manne au matano yaliyoiva, kila moja kutoka shina lake, na ikiwezekana kutoka nyumba tofauti. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Pasheni ya njano haijichavushi yenyewe, na miche iliyotoka tunda moja mara nyingi hukataana. Sugua mbegu kwa mchanga kuondoa utando, osha, anika kivulini, kisha sia mara moja, usiziweke zikae: mbegu mbili kila kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), kina cha sentimita 1. Huota ndani ya wiki mbili hadi nne.

2. Shimo. Upana sentimita 50 na kina hivyo hivyo. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Kutoka shimo hadi shimo mita 3. Maji yakituama hapo, inua tuta la sentimita 30, kwani shina likikaa kwenye maji huoza pale linapogusana na udongo.

3. Kichanja. Nguzo za mita 2.5, nusu mita ikiwa ardhini na imepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Juu kaza waya mmoja mnene. Usiuache mmea uparamie mkorosho: hutaweza kuupogoa, na dawa za wadudu zinazopulizwa kwenye mikorosho zitaua nyuki unaowahitaji.

4. Kuongoza. Acha chipukizi moja tu lipande kwa kamba. Mengine yakwanyue yakiwa madogo. Likifika kwenye waya, kata ncha, ulee matawi mawili, moja kila upande. Hayo yataangusha vitawi kama pazia, na humo ndimo matunda hukaa. Vikate visiguse ardhi.

5. Kiangazi. Ndoo ya lita 20 kwa shina, mara mbili kwa wiki. Kwenye kichanga, mara tatu. Tandaza nyasi kavu, ila ziache shina wazi kiganja kimoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Maua yangu yanapukutika yote, na mti umestawi vizuri. (Nachingwea)*

Marahaba. Una shina moja, au mashina ya tunda moja? Panda jingine la asili tofauti. Wakati unasubiri, omba maua kwa jirani. Ua la pasheni ya njano hufunguka mchana, kwa hiyo fanya kazi kati ya saa nane na saa kumi na moja. Pangusa chavua ya ua la jirani kwa kidole au pamba, uipake kwenye zile ncha tatu za juu zikishainama. Ua ambalo ncha zake zimebaki wima halishiki, usihangaike nalo. Mvua ikinyesha muda huo chavua huharibika. Rudia kesho kwa maua mapya. Wachavushaji wakuu ni nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, kwa hiyo waachieni magogo makavu yao.

*Matunda ni madogo, magumu, ganda nene, majani yana mabaka. Nipige dawa gani? (Masasi)*

Hakuna, dada yangu. Hivyo ni virusi. Ng'oa shina hilo, lichome, na kisu kilichotumika kioshe kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa. Kunde usipande chini ya kichanja, huvuta vidukari wanaoeneza virusi.

*Nipogoe lini? (Lindi mjini)*

Mavuno makubwa yakiisha na mvua zikianza. Kila kitawi kilichozaa kikate, ubakize sentimita 30 kutoka kwenye waya. Matunda hutoka kwenye chipukizi jipya tu. Kupogoa sana wakati wa ukame huweza kuua mmea.

*Rasiberi je, itakubali hapa? (Mtwara)*

Hapana. Inahitaji majira ya baridi ili ichanue vizuri. Nafasi hiyo ipe pasheni.

*Nichume ikiwa na rangi gani? (Newala)*

Usichume, iache idondoke. Miezi miwili hadi mitatu baada ya ua, okota kila asubuhi kabla jua halijalichoma tunda.