Somo: Kukadiria uzito wa marehemu kwa mfupa wa paja

Wakuu, swali hili halikauki humu. Naliweka hapa moja kwa moja. Atakayeuliza tena mwelekezeni huku.

1. Hakikisha ni mtu mzima: kichwa cha mfupa (ile tufe ya juu inayoingia kwenye nyonga) kimeungana kabisa na shingo.
2. Ondoa udongo kwa brashi laini.
3. Pima kipenyo cha kichwa kwa kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia unene), juu hadi chini, kwa milimita. Vinundu vya ugonjwa wa viungo pale ukingoni usivihesabu.
4. Ingiza kipimo (K) kwenye kanuni za watafiti hawa watatu, jibu ni kilo:

McHenry: 2.239 × K − 39.9
Grine: 2.268 × K − 36.5
Ruff: (2.160 × K − 24.8) × 0.90

Kwa Ruff ndipo wengi wanapoanguka. Kanuni yake ilitokana na watu wa Baltimore, Marekani, wa zama hizi, wenye mafuta mengi kuliko watu wa kale, ndiyo maana asilimia 10 inakatwa. Ukiiacha 0.90, kichwa cha milimita 46 kinakupa kilo 74.6 badala ya 67.1. Toa 24.8 kwanza, ndipo uzidishe. Na msiipachike 0.90 kwa McHenry wala Grine!

5. Chukua wastani. Kwa 46 unapata 63.1, 67.8 na 67.1, yaani kilo 66. Mwenye umbo dogo sana, McHenry peke yake. Mkubwa sana, Grine.

MASWALI

– Mkuu nina 41, ni kilo ngapi?
41 ya nini? Kama ni milimita, rudi hatua ya 4.

– Nitajua kama alikuwa mnene?
Hapana. Kichwa huacha kukua ujanani, hivyo kinafuata uzito wa umri ule. Kitambi cha uzeeni hakimo. Ukuta wa mfupa katikati ya paja ndio unaoendelea kujirekebisha kufuata mzigo.

– Mwalimu, yule kijana wa kale wa Nariokotome, Turkana, ambaye mifupa yake ilipatikana 1984, naye anapimwa hivi?
Umeuliza la maana, dada. Yule alikuwa bado anakua, hizi hazimfai. Watoto wana kanuni zao, za upana wa mfupa huohuo upande wa goti, na hubadilika kwa umri.

– Vichwa vyote vimevunjika, nyonga nzima.
Basi tumia upana wa nyonga pamoja na kimo. Unganisha nyonga mbili na sakramu (mfupa wa mwisho wa mgongo ulio kati yake), zifunge kwa raba, pima pale palipo papana zaidi. Kabla ya kuingiza kwenye kanuni ya upana na kimo (si zile za hatua ya 4), geuza kuwa upana wa mtu aliye hai: 1.17 × upana − 3, kwa sentimita.